Bukavu: Kiti cha plastiki kinavyopanda vilima vya Kadutu, na kinakoishia kikivunjika

BUKAVU, KIVU KUSINI – Kochi la mbao lenye mito ya sponji huhitaji wanaume wanne na mabishano mengi ili lifike kwenye nyumba iliyo juu ya kilima cha Kadutu. Gari huishia barabarani. Kuanzia hapo ni njia ya miguu, ngazi zilizochongwa kwenye udongo, na kona nyembamba kati ya ukuta wa mbao wa jirani na mfereji wa maji machafu. Mvua ikiwa imenyesha, hakuna ajuaye mguu utatua wapi. Viti sita vya plastiki, vikiwa vimepachikwa kimoja ndani ya kingine, hupanda kilima hicho hicho juu ya kichwa cha mtu mmoja, na uzito wake wote haufikii mfuko wa unga wa kilo 25.

Mji huu wenye wakazi zaidi ya milioni moja, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, umejengwa kwenye miteremko inayoshuka hadi Ziwa Kivu, na rasi zake zinaingia majini kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Wataalamu wa mipango miji huutaja kwa mmomonyoko na maporomoko ya udongo. Wakazi wanaolazimika kuhamisha magodoro, makabati na meza kwenye miteremko hiyo wana hesabu yao: kitu chepesi kitafika. Ndiyo maana plastiki, ambayo kwingineko huishia barazani au kwenye baa, hapa imeingia mpaka sebuleni, au saloni kama wenyeji wanavyoiita.

Ukiingia katika nyumba ya kawaida ya Kadutu, Panzi au Bagira, hutakosa kuiona. Viti vya plastiki vimepangwa kufuata ukuta, kila kimoja kikiwa na kitambaa cha kufuma kwenye egemeo. Katikati kuna meza ya plastiki iliyofunikwa kitambaa kingine cha plastiki chenye picha za matunda. Pembeni kuna rafu ya viatu ya kuunganisha kwa mkono, na maua ya plastiki juu ya televisheni. Nyuma ya pazia, bidoni za njano za maji na mabeseni. Siku wageni wakizidi, kreti za bia huletwa kutoka uani, hugeuzwa chini juu, na watoto hukalia hizo.

Katika nyumba za kisasa zaidi za Nguba na Muhumba, upande wa wilaya ya Ibanda, plastiki ni hiyo hiyo lakini imevaa vingine. Kuna makochi ya barazani yaliyosukwa kwa utepe wa plastiki unaoiga henzerani. Kuna viti vyeupe vya umbo la bakuli vyenye miguu ya mbao, vinavyowekwa kwenye meza ya chakula au ofisini. Wengi wanaovinunua huviona kama mtindo mpya kutoka China. Kwa kweli ni nakala za kiti kilichobuniwa na mume na mke Wamarekani, Charles na Ray Eames, na kuanza kuuzwa mwaka 1950 kikiwa cha plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Kiti hicho kina umri wa babu wa mnunuzi.

Plastiki ya zamani kuliko kiti

Plastiki si mgeni wa jana mjini hapa, na Ubelgiji, iliyoitawala Congo hadi mwaka 1960, ina nafasi yake katika kisa hiki. Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ghent aliyehamia Marekani, ndiye aliyetengeneza mwaka 1907 bakelaiti, plastiki ya kwanza isiyotokana na malighafi ya mimea wala wanyama. Wabelgiji walipokuwa wakijenga Costermansville, jina ambalo Bukavu iliitwa hadi miaka ya 1950, na kuipamba kwa majengo ya mtindo wa Art Deco ambayo bado yanaonekana Ibanda, bakelaiti ndiyo iliyokuwa kwenye swichi za taa, simu na redio za zama hizo. Ni kitu kigumu, cheusi au cha kahawia, kisichopitisha umeme na kisichoyeyuka tena kikishaganda.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ikaenea formika, karatasi zilizoshindiliwa pamoja na gundi ya plastiki hadi zikawa ubao mgumu unaong'aa. Ilivumbuliwa mwaka 1912 kwa ajili ya mitambo ya umeme, lakini umaarufu wake uliletwa na meza za jikoni na kaunta za baa. Meza ya formika yenye miguu ya chuma ni kitu ambacho mtu aliyekulia katika nyumba ya mtumishi wa serikali enzi za Zaire hahitaji kuelezwa. Iliwekwa sufuria ya moto, ikafutwa kwa kitambaa chenye maji, na ikarithiwa.

Hata hivyo plastiki hizo zilikuwa za kufunika na kushikilia. Za kukalia zilikuwa mbao. Makochi yalitoka kwa fundi seremala, ya mvule kwa mwenye fedha na ya mkaratusi kwa wengine, na familia ilijulikana kwa seti yake ya saloni kama inavyojulikana kwa jina.

Kilichobadilisha mambo ni polipropilini. Kazi ya Giulio Natta wa Milano mwaka 1954 ndiyo iliyofungua njia ya kuitengeneza kwa wingi, na mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Mwaka huo huo kampuni ya Hille ya Uingereza ilianza kuuza kiti cha Robin Day, bakuli la polipropilini juu ya miguu ya chuma, ambacho kilijaza madarasa na kumbi za nchi nyingi. Wabunifu wa Ulaya wakaingia katika mashindano ya kutengeneza kiti chote kwa kipande kimoja, bila skrubu wala gundi. Kiti cha Mdenmaki Verner Panton, chenye umbo la mawimbi na kisicho na miguu ya nyuma, kilitoka kiwandani mwaka 1967. Mtaliano Joe Colombo naye alitoa chake kupitia kampuni ya Kartell katika miaka hiyo hiyo.

Viti hivyo vilikuwa vizuri na vya bei kubwa. Aliyekifikisha kiti cha plastiki kwa watu wa kawaida ni Mfaransa Henry Massonnet, ambaye mwaka 1972 alitoa kiti chenye mikono alichokiita Fauteuil 300. Plastiki iliyoyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200 ilisukumwa ndani ya kalibu la chuma, na kiti kikatoka kizima katika muda usiozidi dakika mbili. Viwanda vingine viliiga, kalibu zikauzwa na kuuzwa tena, na leo kiti cha namna hiyo kinachotumia takriban kilo mbili na nusu za plastiki kinatengenezwa karibu kila pembe ya dunia. Afrika Mashariki nayo ina wake: Kenpoly ya Kenya na Mukwano ya Uganda ni majina ambayo mnunuzi hukutana nayo akigeuza kiti na kutazama chini yake.

Ulaya hadi leo haijakubaliana kuhusu kiti hicho. Jiji la Basel nchini Uswisi lilikipiga marufuku katika maeneo ya umma mwaka 2008 kwa sababu kiliharibu sura ya mji, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 2017. Mwaka huo huo jumba la makumbusho la Vitra, lililoko Weil am Rhein, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Basel, kwa upande wa Ujerumani, liliandaa maonyesho maalumu juu yake. Viti halisi vya Panton na Colombo vya miaka ya 1960 sasa hugombewa kwenye minada, huku mafundi wa makumbusho wakihangaika kuzuia plastiki yake isipauke na kupasuka.

Bukavu hakuna anayehifadhi kiti cha plastiki kwa ajili ya makumbusho. Lakini tatizo la kupauka na kupasuka ni lile lile.

Nani akalie nini

Kivu Kusini ni mahali ambapo kiti kilikuwa na maana kabla ya viwanda. Miongoni mwa Walega wa Mwenga na Shabunda, kigoda kinachoitwa kisumbi kilikuwa miongoni mwa alama za cheo katika chama cha Bwami, na mwenye cheo alikuwa na chake. Mtu hakukalia kigoda cha mwingine kwa sababu tu kilikuwa wazi.

Kiti cha plastiki ni kinyume cha hayo. Hakina mwenyewe. Hukodiwa, huazimwa, huandikwa jina la kanisa au la familia mgongoni kwa rangi ili kisipotee, na bado hupotea. Katika kilio, viti hufika pamoja na turubai kabla hata mwili haujatoka hospitali, na idadi ya viti vilivyokodiwa ni habari inayozungumzwa mtaani. Katika harusi, viti vile vile huvalishwa magauni meupe ya kitambaa na mkanda wa rangi ya sherehe, hata mgeni asijue anakalia kile alichokalia msibani wiki iliyopita.

Hata hivyo vyeo havikufa. Mbele ya turubai hupangwa makochi ya viongozi, wachungaji na wazee wa ukoo. Nyuma yao viti vya plastiki vyenye mikono, na nyuma kabisa visivyo na mikono, halafu kreti. Anayechelewa husimama. Hakuna anayesoma mpangilio huo kwenye karatasi, lakini kila mtu anajua mahali pake, na anayekaa mbele bila kualikwa huondolewa kwa upole.

Kuna matumizi mengine ambayo hayakufikiriwa kabisa na waliokibuni. Mwaka 2001 mhandisi Mmarekani Don Schoendorfer alianzisha shirika linaloitwa Free Wheelchair Mission, na kiti chake cha kwanza cha magurudumu kwa walemavu kilikuwa kiti cheupe cha plastiki kilichofungwa kwenye fremu ya chuma na magurudumu ya baiskeli. Filamu ya Mjerumani Hauke Wendler iliyotoka mwaka 2021, Monobloc, inaonyesha viti hivyo vikitumika Uganda.

Fanicha ya kukimbia nayo

Wakazi wa Bukavu wana sababu nyingine ya kupenda vitu vyepesi, na si ya kufurahisha. Mji uliingiwa na vita Oktoba 1996. Ukatekwa tena na wanajeshi walioasi kati ya Mei na Juni 2004, maduka na nyumba zikaporwa. Tetemeko la ardhi la Februari 3, 2008 lilibomoa nyumba na makanisa pande zote mbili za mpaka. Februari 2025, katika siku chache kati ya kuondoka kwa jeshi na kuingia kwa waasi wa M23, maghala yalivunjwa na kusombwa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilisema karibu tani 7,000 za chakula chake ziliporwa mjini hapo.

Katika hali hiyo, kuweka akiba ya familia katika seti ya makochi ya mvule ni kamari. Kochi halikimbiki. Likiibwa au kuungua, limekwenda na miaka ya kuweka kidogo kidogo. Viti vya plastiki vinaweza kufungwa kamba na kupelekwa kwa shemeji kijijini, na vikipotea, familia hununua viwili mwezi huu na viwili mwezi ujao. Baada ya benki kufungwa mwaka 2025 na fedha taslimu kuwa adimu, uwezo huo wa kununua kimoja kimoja umekuwa na uzito zaidi. Seremala hawezi kuuza robo ya kochi.

Mafundi mbao, kwa upande wao, wanakabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: bei ya mbao na umeme. Na mbao zenyewe hazina usafi ambao mpenzi wa vitu vya asili angetamani. Sehemu ya miti na makaa yanayoingia Bukavu hutoka kwenye misitu inayobanwa kila mwaka, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega iliyo magharibi mwa mji, makazi ya sokwe wakubwa wa mashariki, ambayo UNESCO imeiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 1997. Anayesema watu warudi kwenye mbao anapaswa pia kusema zitakatwa wapi.

Kwa nini kimoja hudumu na kingine hukatika

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza fedha, na ndipo maarifa kidogo yanaposaidia.

Jua ndilo adui wa kwanza wa polipropilini. Mionzi ya urujuanimno huvunja minyororo ya molekuli zake, rangi hupauka, uso huwa kama umepakwa unga, kisha siku moja mguu wa nyuma hufunguka na mgeni huanguka. Bukavu iko karibu na mstari wa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na mionzi hiyo huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Kiti kinacholala uani hapa huzeeka haraka kuliko kile kile kikiwa ndani. Wenye viwanda huweka dawa ya kukinga jua kwenye plastiki, lakini dawa ina gharama, na kiti cha bei ya chini sana kwa kawaida kimepunguziwa hapo.

Sehemu nyingine inayopunguzwa ni plastiki yenyewe. Baadhi ya viwanda huchanganya unga mwingi wa mawe ya chokaa ili kuokoa malighafi. Kiti cha namna hiyo kinaweza hata kuwa kizito mkononi, jambo linalomdanganya mnunuzi, lakini hakipindi: kikielemewa, hukatika. Kizuri hupinda kidogo na kurudi. Wauzaji wenye uzoefu hukiweka kiti juu ya sakafu tambarare, huegemea mgongo kwa mkono mmoja na kutazama miguu ya nyuma. Ikitanuka sana au ikionyesha mstari mweupe kwenye pembe, hicho ni cha kuacha.

Inafaa pia kukigeuza. Chini ya kiti kuna pembetatu yenye namba 5 au herufi PP, alama ya polipropilini. Kisichokuwa na alama yoyote huenda kimetengenezwa kwa mchanganyiko wa mabaki. Rangi nyeusi na nyingine za giza hustahimili jua vizuri kuliko nyekundu na njano zinazopendwa na vijana. Nyeupe huonyesha uchafu, lakini hupoa haraka, na ndiyo rahisi kuvalisha kitambaa. Na miguu inayoteleza kwenye sakafu ya saruji huvalishwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, ufundi wa bei ya bure unaozuia pia ule mkwaruzo unaomkera kila mtu wakati wa sala.

Kuhusu mpangilio, nyumba zinazopendeza ni zile ambazo hazijaifanya plastiki ijifiche. Meza moja ya mbao iliyotengenezwa vizuri, hata ndogo, ikizungukwa na viti vinne vya plastiki vya rangi moja, hukaa vizuri kuliko seti nzima ya plastiki ya rangi tano. Mto wa kitenge hufunika baridi ya plastiki asubuhi, na Bukavu asubuhi ni baridi. Zile seti za henzerani bandia zinafaa barazani kwenye paa, si juani. Utepe wake ukianza kukatika hakuna fundi anayeweza kuusuka tena kwa sababu hukatika kila unapoguswa.

Lipo jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Polipropilini hushika moto, na ikiungua hudondosha matone yanayowaka. Katika vitongoji vya Kadutu vyenye nyumba za mbao zilizobanana, ambako moto umekuwa ukiteketeza nyumba nyingi kwa wakati mmoja, rundo la viti karibu na jiko la makaa, mbabula kama linavyoitwa hapa, ni hatari inayoweza kuepukwa kwa kuvisogeza tu. Chumba wanacholala watoto si mahali pa kuhifadhia viti vya kukodisha.

Kinakokwenda kikivunjika

Kiti cha plastiki cha Bukavu hakifi mara moja. Ufa wa kwanza hutobolewa matundu kwa msumari wa moto pande zote mbili na kushonwa kwa waya, mshono unaofanana na wa mpira uliopasuka. Mguu ukikatika, hufungiwa kipande cha mti. Mgongo ukienda, kinachobaki huwa kigoda cha kufulia au cha muuza nyanya. Vikiwa viwili vimevunjika tofauti, hupachikwa kimoja ndani ya kingine na kuwa kiti kimoja kigumu. Baada ya hapo, hakuna lori la taka linalofika juu ya kilima, na mfereji uko mlangoni.

Mifereji ya Bukavu hushuka ziwani. Ziwa Kivu nalo lina mlango mmoja wa kutokea, Mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa mjini kuelekea Ziwa Tanganyika. Kilomita chache chini ya mlango huo kuna bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1958, na mbele yake Ruzizi II la mwaka 1989, linalozihudumia Congo, Rwanda na Burundi. Kila kinachoelea kutoka mjini huishia kwenye machujio ya mitambo hiyo. Kwa miaka sasa wahandisi wa shirika la umeme la Congo, SNEL, wamekuwa wakieleza jinsi taka za plastiki zinavyoziba njia ya maji na kuharibu mitambo, na wafanyakazi wamekuwa wakizitoa kwa mikono na kwa mashua. Mtambo ukisimama, umeme hukatika mjini. Msumeno wa seremala wa Kadutu nao husimama.

Ni haki kusema kwamba viti si sehemu kubwa ya taka hizo. Nyingi ni chupa za maji na soda, bidoni zilizopasuka na mifuko. Serikali ya Congo ilitia saini amri ya kupiga marufuku mifuko na vifungashio vya plastiki tarehe 30 Desemba 2017, lakini mifuko bado inauzwa sokoni Kadutu. Ng'ambo ya daraja la Ruzizi, Rwanda iliikataza tangu mwaka 2008 na inaikataza kweli: mfuko mwembamba hunyang'anywa mpakani, wakati kiti chenye plastiki kuliko mifuko mia kadhaa kinapita baada ya ushuru. Kwa sheria, hilo ni sawa, kwa kuwa kiti kinatarajiwa kudumu. Kikidumu miezi minane, hoja hiyo inadhoofika.

Kuna waliojaribu kugeuza mkondo. Nicole Menemene, mjasiriamali kijana wa Bukavu, alianzisha Plastycor, inayokusanya taka za plastiki kando ya ziwa na kuzisuka kuwa vikapu, vyungu vya maua, vigoda na mapambo ya nyumbani. Kazi hiyo ya kusuka ina sababu ya kikemia pia. Chupa ni plastiki ya namba 1, inayoyeyuka kwenye nyuzi takriban 260, na kiti ni namba 5, kinachoyeyuka kwenye nyuzi kama 160. Ukizitia chungu kimoja hupati kitu cha maana. Ukizikata nyuzi na kuzisuka, huhitaji kuyeyusha chochote, wala umeme.

Kwenye pwani ya Kenya, mjini Lamu, mradi wa Flipflopi, uliozindua mwaka 2018 jahazi lililojengwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyotupwa, umekwenda hatua nyingine: plastiki huyeyushwa na kumiminwa kuwa mbao ndefu, kisha mafundi wa majahazi huzichonga kwa patasi na keekee zile zile wanazotumia kwenye mti. Fanicha zinazotoka hapo ni nzito, na zinatengenezeka tena zikiharibika, kwa sababu zimeunganishwa vipande vipande kama makochi ya zamani. Bukavu ina maseremala wanaoweza kazi hiyo bila kufundishwa upya. Kinachokosekana ni kiwanda cha kuyeyusha, na umeme usiokatika wa kukiendesha, unaotoka kwenye bwawa lile lile lililozibwa na chupa.

Kiti kilichovunjika, tofauti na chupa, ni rahisi kurejelewa: ni plastiki ya aina moja, safi, na kimoja tu ni kilo mbili na zaidi. Katika miji yenye viwanda kama Nairobi na Kampala, vipande vyake hununuliwa kwa kilo, husagwa na kurudishwa kwenye kalibu. Wafanyabiashara wanaoleta viti vipya Bukavu kupitia Rwanda hurudi na magari ambayo mara nyingi hayana mzigo. Nafasi ya kubeba viti vibovu ipo kila wiki, ikivuka daraja la Ruzizi ikiwa tupu.

Kwa sasa, vinabaki vilimani. Mbele ya nyumba nyingi za Kadutu utakiona kimoja, kimeshonwa waya mara tatu na mguu wake ni wa mkaratusi, kikiwa kimeegemezwa ukutani ili mvua isijae kwenye kikalio. Mvua zenyewe huanza Septemba, na mifereji hushuka.